Ubongo, Akili na Kauli: Afasia katika Makutano ya Tiba, Isimu, Falsafa na Fasihi

Ikisiri

Taaluma zinazochunguza ubongo na akili hutumia msamiati wa Kiswahili kwa namna zisizolingana. Tiba ina afya ya akili na mishipa ya fahamu, isimu ina isimunafsia, na uhakiki wa fasihi hurejelea moyo, roho au nafsi ya mhusika. Makala hii inafafanua mgawanyo huo kwa kutumia hali moja inayozikutanisha taaluma zote, yaani afasia. Inajadiliwa kwamba kila taaluma imechukua kipande kimoja cha uwanja wa kisemantiki ambao Kiswahili kilikwisha kuugawa, kisha ikakichukulia kipande hicho kuwa kitu kizima. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepoteza lugha huweza kuhesabiwa kuwa amepoteza akili. Makala inapendekeza kwamba dhana ya kauli, ambayo tayari imo katika matumizi ya kawaida, iwe msingi wa kuielezea afasia kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtu akipatwa na kiharusi kikamwacha hawezi kusema, wanaomzunguka huwa na maswali mawili. La kwanza ni kama atapona. La pili, ambalo aghalabu halisemwi kwa sauti, ni kama akili yake ingali timamu. Swali hili la pili lina uzito mkubwa wa kijamii, kwa kuwa jibu lake huamua iwapo mgonjwa ataendelea kushauriwa kuhusu mali yake, watoto wake na matibabu yake, au iwapo uamuzi huo utahamia kwa wengine. Jibu hutolewa kwa lugha, na kwa watu wengi wa Afrika Mashariki lugha hiyo ni Kiswahili.

Afasia ni upungufu wa uwezo wa lugha unaotokana na jeraha la ubongo kwa mtu ambaye hapo awali aliitumia lugha bila tatizo. Chanzo chake kikuu ni kiharusi, ingawa ajali za kichwa na uvimbe huweza pia kuisababisha. Hali hii ni tofauti na uziwi, ububu wa kuzaliwa na udhaifu wa misuli ya kinywa. Mwenye afasia anaweza kuwa na ulimi mzima na masikio mazima, lakini njia inayounganisha sauti, umbo la neno na maana ikawa imeharibika. Kwa sababu hiyo, afasia haiwezi kumilikiwa na taaluma moja. Daktari huona jeraha, mwanaisimu huona sarufi iliyovunjika, mwanafalsafa huuliza nini kimebaki cha mtu huyo, na mhakiki wa fasihi huona swali la msimulizi asiye na maneno. Makala hii inazipitia taaluma hizo kwa zamu, lakini inaanza na lugha yenyewe.

2.0 Uwanja wa Kisemantiki wa Ubongo na Akili katika Kiswahili

Kiswahili hakina neno moja linalokusanya yote yanayohusu utambuzi, hisia, utashi na utimamu wa mtu. Kina maneno kadhaa, na kila moja lina mipaka yake.

Ubongo ni kiungo cha mwili. Hata hivyo, umbo la wingi, bongo, limehama kutoka katika kiungo na kuingia katika uwezo kinachouwakilisha. Mchezo wa maswali huitwa chemsha bongo, na jina la mtaani la Dar es Salaam, lililokuja kuenea kwa Tanzania nzima, ni Bongo, kwa maana ya mahali ambapo mtu huishi kwa kutumia bongo zake. Huu ni uhamisho wa kitaashira: kiungo kimetajwa badala ya kazi yake.

Akili ina angalau maana mbili katika matumizi ya kila siku. Ya kwanza ni wepesi wa kuelewa na kutatua mambo, kama katika methali isemayo akili ni nywele, kila mtu ana zake. Maana hiyo ndiyo iliyotumika katika istilahi mpya za akili bandia, akili unde na akili mnemba. Maana ya pili ni utimamu, kama katika mtu mwenye akili timamu au katika amerukwa na akili. Katika usemi huu wa mwisho, sarufi yenyewe inastahili kuangaliwa. Mtu ndiye kiima, lakini kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Akili ndiyo mtenda, nayo imeruka na kumwacha. Wazimu, kwa upande wake, umetokana na mzizi mmoja na mizimu, na kupagawa ni kuingiwa na kitu kutoka nje. Katika semi hizi, kasoro ya utimamu huwazwa kama tukio la kuingia au kutoka kwa kitu fulani.

Fahamu ni hali ya kuwa macho na kutambua. Mtu aliyezimia amepoteza fahamu, lakini hakuna anayesema kuwa amerukwa na akili. Neno hilohilo ndilo linalobeba istilahi ya mishipa ya fahamu, inayoonekana hata katika jina la Taasisi ya Tiba ya Mifupa, Ubongo na Mishipa ya Fahamu Muhimbili. Nafsi ni mtu kama alivyo kwa ndani, na katika sarufi ndiyo jina la kategoria inayotenganisha msemaji, msemeshwa na msemwa. Moyo ni makao ya hisia na utashi, na pia ya kumbukumbu, kwani mtu huhifadhi jambo moyoni na hupiga moyo konde. Roho ni uhai, naye anayekufa hukata roho. Lakini ni tabia pia, kama katika roho mbaya.

Kuna neno moja zaidi ambalo halijapewa uzito unaostahili katika mjadala huu, nalo ni kauli. Mbali na maana yake ya tamko na ile ya kisarufi, kauli ni uwezo wa kusema. Ndugu anayetoka wodini na kueleza kwamba mgonjwa hana kauli hasemi lolote kuhusu akili ya mgonjwa wala fahamu zake. Anaeleza kwamba usemi umekatika. Kwa hiyo, kabla ya taaluma yoyote kuingia, wasemaji wa Kiswahili walikuwa na njia ya kutenganisha mambo matatu: kupoteza kauli, kupoteza fahamu na kurukwa na akili.

Tahadhari moja inahitajika. Msamiati haupaswi kuchukuliwa kuwa nadharia kamili ya akili. Akili, fahamu, nafsi, roho, fikra na dhamiri ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ilhali ubongo, moyo na wazimu ni ya Kibantu. Kwamba mengi ya maneno hayo ya mkopo yako katika ngeli moja kunatokana na utaratibu wa kawaida wa kupokea maneno ya kigeni, wala si ushahidi kwamba wasemaji wanayaona kuwa vitu vya jinsi moja. Msamiati unaonyesha tofauti ambazo jamii imeona haja ya kuzitaja. Kuzithibitisha tofauti hizo ni kazi ya uchunguzi.

3.0 Afasia katika Tiba: Kisa cha Leborgne

Mwezi Aprili 1861, daktari Paul Broca aliwasilisha mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Paris ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla katika hospitali ya Bicêtre. Mgonjwa huyo, Leborgne, alijulikana hospitalini kwa jina la Tan, kwa kuwa silabi hiyo ndiyo aliyoitoa karibu kila alipotaka kusema, mara nyingi akiirudia mara mbili. Broca alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo, na eneo hilo limeendelea kuitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza aina nyingine: wagonjwa wanaosema kwa wepesi na kwa wingi, lakini maneno yao hayajengi maana, na wao wenyewe hawaelewi vyema wanachoambiwa. Jeraha lao liko nyuma zaidi, karibu na eneo la usikivu.

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba kisa cha Leborgne ni cha kuonyesha mahali tu. Taarifa ya Broca ina zaidi ya hayo. Alipoulizwa amekaa Bicêtre kwa muda gani, Leborgne alifungua kiganja chake mara nne kisha akaongeza kidole kimoja, yaani miaka 21, na hilo lilikuwa jibu sahihi. Broca anaeleza pia kwamba, ingawa wagonjwa wenzake walimwona mtu mgumu wa tabia, haikuwahi kufikiriwa kumhamishia katika kitengo cha wendawazimu. Alichukuliwa kuwa mtu anayewajibika kwa matendo yake.

Maelezo hayo yakisomwa kwa maneno ya Kiswahili, picha inakuwa wazi. Leborgne hakuwa na kauli. Fahamu alikuwa nazo. Akili ya kuhesabu na kukumbuka ilikuwapo. Nafsi yake, kwa maana ya mtu anayewajibika, ilitambuliwa na waliomzunguka, hata kama hawakumpenda.

Tiba ya baadaye imeifanya picha ya ubongo kuwa tata zaidi. Nina Dronkers na wenzake walipoupiga picha za kisasa ubongo wa Leborgne, uliohifadhiwa Paris, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, ilionekana kuwa jeraha lilikuwa limeenea ndani zaidi ya uso ambao Broca aliutazama. Lugha haikai katika chumba kimoja cha ubongo. Inategemea mtandao wa maeneo na njia zinazoyaunganisha. Wazo kama hilo lilikwisha kutetewa mwaka 1891 na Sigmund Freud katika kitabu chake kuhusu afasia, alipopinga michoro ya vituo vya lugha iliyokuwa ikitumika wakati huo. Wanafunzi wanaomtumia Freud katika uhakiki wa fasihi hufaidika wakijua kwamba kabla ya kuandika kuhusu ndoto alikuwa mtafiti wa mfumo wa fahamu, na kwamba swali la neno na mahali pake katika ubongo lilitangulia nadharia yake ya nafsi.

4.0 Afasia katika Isimu

Isimu iliingia katika uwanja huu kwa nguvu kupitia Roman Jakobson. Mwaka 1941 alilinganisha mpangilio wa sauti anazojifunza mtoto na ule wa sauti zinazopotea kwa mgonjwa. Mwaka 1956 alikwenda mbele zaidi na kugawa afasia katika pande mbili kwa kufuata mihimili miwili ya lugha. Kuna mhimili wa uteuzi, ambapo msemaji huchagua neno hili badala ya lile linalofanana nalo. Kuna pia mhimili wa upangiliaji, ambapo maneno yaliyochaguliwa huunganishwa kuwa tungo. Mgonjwa aliyeharibikiwa na uteuzi hushindwa kulipata neno lenyewe na kuzunguka kwa yale yanayopakana nalo, kama kutaja kukata badala ya kisu. Aliyeharibikiwa na upangiliaji hubaki na maneno ya msingi, lakini viunganishi na viambishi humponyoka.

Mgawanyo huo unakutana na swali gumu katika lugha zenye viambishi vingi. Maelezo ya awali ya afasia ya Broca, yaliyotokana na lugha kama Kiingereza, yalisema kwamba mgonjwa hudondosha viambishi. Mwaka 1984 Yosef Grodzinsky alionyesha kwamba hali haiko hivyo katika Kiebrania. Mzizi wa konsonanti pekee hautamkiki kuwa neno, na kwa hiyo mgonjwa hubadilisha umbo moja kwa jingine badala ya kudondosha. Namna lugha inavyovunjika hutegemea namna ilivyojengwa.

Kiswahili kinatoa uwanja mzuri wa kuipima hoja hiyo. Tuchukue sentensi Watoto wanasoma vitabu. Viambishi vikiondolewa, kinachobaki ni toto soma tabu. Toto ni neno halali, lakini ni la ukubwa. Soma ni neno halali, lakini ni la amri. Tabu pia ni neno halali, na maana yake haina uhusiano na kitabu. Kudondosha kiambishi katika Kiswahili, basi, hakuachi neno tupu kama ilivyo katika Kiingereza. Mara nyingi huzaa neno jingine. Utabiri unaofuata ni kwamba msemaji wa Kiswahili mwenye afasia ya aina hii ataelekea kubadilisha viambishi, kwa mfano kutumia umoja badala ya wingi au wakati mmoja badala ya mwingine, au kuvunja upatanisho wa kisarufi, kuliko kuviacha kabisa. Huo ni utabiri unaohitaji data.

Pengo la data hiyo ni kubwa. Mkusanyo maarufu wa masimulizi ya wagonjwa uliohaririwa na Lise Menn na Loraine Obler mwaka 1990 ulihusisha lugha 14. Hakuna hata moja kati yake iliyokuwa ya Kibantu. Madhara yake hayaishii katika nadharia. Kipimo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza kinaweza kumpa alama mgonjwa aliyesema soma kana kwamba amepata umbo sahihi la kitenzi, ilhali kosa lake limefichwa na bahati ya kwamba shina hilo lina sura ya amri.

Suala la wingilugha linaongeza ugumu. Mwaka 1881 Théodule Ribot alidai kwamba kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu, dai lililokuja kueleweka kuwa lugha iliyojifunzwa kwanza ndiyo hurudi kwanza. Mwaka 1895 Albert Pitres alijibu kwamba hurudi ile ambayo mgonjwa aliizoea zaidi kabla ya kuugua. Tafiti za baadaye, zikiwamo za Michel Paradis, zimeonyesha kwamba hakuna kanuni moja: lugha zinaweza kurudi pamoja, kwa zamu, au moja ikarudi na nyingine isirudi. Kwa mzee aliyelelewa kwa Kisukuma, akafanya biashara kwa Kiswahili na kusoma kwa Kiingereza, kupimwa kwa lugha moja tu hakutoshi kusema kwamba lugha imepotea.

5.0 Afasia katika Falsafa

Swali la kifalsafa linaanzia pale René Descartes, katika tafakuri zake za mwaka 1641, alipotenganisha kitu kinachofikiri na kitu chenye umbo. Mgawanyo huo ulikifanya kile kinachofikiri kuwa kitu kimoja, kamili, kisichogawanyika. Afasia inatatiza picha hiyo. Kama akili ni kitu kimoja kisichogawanyika, ni vigumu kueleza jinsi mtu anavyopoteza nomino na kubaki na hesabu, au kupoteza usemi na kubaki na uelewa.

Mwaka 1949 Gilbert Ryle alidai kwamba kosa ni la kikategoria. Anayeitafuta akili kama kitu cha pili kando ya mwili anafanana na mgeni aliyeonyeshwa vyuo, maktaba na maabara za Oxford, kisha akauliza chuo kikuu chenyewe kiko wapi. Kwa Ryle, maneno ya akili yanataja namna mtu anavyotenda na anavyoweza kutenda.

Kwa wasomi wa lugha za Kiafrika, mchango wa Kwasi Wiredu una umuhimu wa pekee. Akichambua dhana za Waakani wa Ghana, Wiredu alionyesha kwamba neno lao linalokaribiana na akili halitaji sehemu mojawapo ya zile zinazomuunda mtu. Linataja uwezo wa kufikiri. Alisisitiza pia kwamba tatizo la kifalsafa lililozaliwa katika lugha moja lipimwe katika lugha nyingine kabla ya kuchukuliwa kuwa la wanadamu wote. Kipimo hicho kikitumika kwa Kiswahili, swali la uhusiano wa akili na mwili linagawanyika mara moja. Mtu atalazimika kuuliza iwapo linahusu akili, fahamu, nafsi, moyo au roho, na majibu hayatakuwa sawa. Uhusiano wa fahamu na ubongo ni wa kitabibu kwa kiasi kikubwa. Uhusiano wa nafsi na ubongo unagusa wajibu na maadili. Ule wa roho unaelekea katika dini. Fumbo moja limekuwa maswali kadhaa, na baadhi yake yanajibika.

6.0 Afasia na Fasihi

Katika makala yake ya mwaka 1956, Jakobson hakuishia hospitalini. Aliihusisha mihimili miwili ya afasia na ncha mbili za fasihi: sitiari, inayotegemea ufanano, na taashira, inayotegemea ukaribu. Alidai kwamba ushairi wa kimapenzi huelekea ncha ya kwanza na riwaya ya kihalisia huelekea ya pili. Mgawanyo huo umekosolewa kwa kurahisisha mambo, lakini msingi wake unabaki na thamani: uwezo uleule unaoharibika kwa mgonjwa ndio anaoutumia mtunzi.

Fasihi ya Kiswahili inayahusu masuala haya moja kwa moja. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya Kichwamaji (1974) inabeba katika jina lake tu mkanganyiko unaojadiliwa hapa, kwani neno hilo linataja hali ya mwili wa mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji na pia ni lawama kwa mtu asiye na busara. Ubongo na akili vimewekwa katika neno moja. Msimulizi, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu mwenye kauli nyingi na fikra kali, naye huishia kujiua. Yeye ni kinyume cha Leborgne: kauli haikumpungukia hata kidogo, na bado kilichovunjika ndani yake hakikuokolewa na kauli. Mhakiki anayesema tu kwamba Kazimoto ana tatizo la akili anapoteza tofauti ambazo riwaya inamlazimisha msomaji kuzikabili, kati ya akili iliyo kali mno, moyo uliokata tamaa na nafsi isiyopata pa kusimama.

Fasihi, kwa njia hiyo, inaipa tiba na falsafa kitu ambacho hazina. Huyaonyesha maneno ya uwanja huu yakifanya kazi pamoja ndani ya mtu mmoja, wakati taaluma nyingine huyatenga ili ziweze kuyapima.

7.0 Istilahi na Athari Zake

Uchambuzi uliotangulia unaonyesha jinsi kila taaluma ilivyochagua kipande chake. Neno akili lilipotwaliwa na tiba na sheria, kama katika Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008, lilipanuliwa ili lifunike hisia, tabia na utimamu. Neno nafsi lilipotwaliwa na isimu, lilifanywa litaje michakato ya kuelewa na kuzalisha lugha, ambayo msemaji wa kawaida hangeiita nafsi. Neno fahamu lilipounganishwa na mishipa, lilibeba hata kazi za misuli zisizohitaji fahamu. Upanuzi wa aina hii ni jambo la kawaida katika uundaji wa istilahi. Hatari hutokea pale maana pana ya kitaalamu inapokutana na maana finyu ya mtaani bila onyo.

Familia ikielezwa kwamba mgonjwa wao ana tatizo la ubongo lililoathiri akili, huenda mtaalamu alikusudia utambuzi kwa jumla. Familia itasikia utimamu. Mwenye afasia ya Wernicke yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa anasema sana na hasemi linaloeleweka. Hana dalili ya kupooza inayowatahadharisha watu kwamba ni kiharusi, na ni rahisi aambiwe anapayuka, amechanganyikiwa au ana wazimu. Huyo anaweza kupelekwa kwa mganga au katika wodi isiyo yake, wakati jeraha la ubongo wake linahitaji uangalizi wa haraka.

Mapendekezo matatu yanajitokeza. Kwanza, istilahi ya afasia ibaki kama ilivyo katika maandishi ya kitaalamu, lakini ifafanuliwe kwa umma kwa kutumia kauli na uelewa wa lugha, na isifafanuliwe kwa akili. Usemi kama ugonjwa wa kauli utokanao na jeraha la ubongo unaeleweka na hauhukumu utimamu. Pungufu lake ni kwamba kauli huelekea upande wa kusema, na hivyo kwa afasia ya Wernicke ni lazima kuongeza kwamba mgonjwa haelewi vyema anachosikia. Pili, vipimo vya afasia kwa wasemaji wa Kiswahili visanifiwe kutokana na mofolojia ya Kiswahili, vikizingatia ubadilishaji wa viambishi na upatanisho wa kisarufi, na vizingatie lugha nyingine za mgonjwa. Tatu, kozi za isimunafsia ziwakutanishe wanafunzi wa isimu na wale wa tiba, kwa sababu data inayokosekana iko wodini na maarifa ya kuichambua yako katika idara za lugha.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba afasia haieleweki kikamilifu ndani ya taaluma moja, na kwamba Kiswahili kina maneno yanayoweza kuzifanya taaluma zizungumze bila kukanyagana. Tofauti kati ya kauli, fahamu, akili na nafsi haikuletwa na maabara. Wasemaji walikuwa nayo. Tiba imeipa tofauti hiyo ushahidi wa ubongo, isimu imeipa uchambuzi wa maumbo, falsafa imeipa maswali, na fasihi imeipa watu. Kilichobaki ni kazi ya nyanjani: kurekodi, kwa ridhaa yao, usemi wa Waswahili wenye afasia, na kuuchambua kwa sarufi ya lugha yao. Hadi hapo, mgonjwa anayeulizwa amelazwa kwa muda gani na kujibu kwa vidole ataendelea kutegemea bahati ya kuwa na msikilizaji anayejua kwamba hesabu hiyo ni ushahidi wa akili.